Ndama wa Tano wa Dulcie

Clarrie Pascoe alipouza ng'ombe wake wa kukamua, alimwahidi mkewe Noeline kwamba sasa watakwenda baharini. Bahari yenyewe haikuwa mbali, mwendo wa saa moja na nusu kutoka bonde lao la Gippsland, ila tangu fungate hawakuwa wameiona tena, maana ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, iwe Krismasi, uwe msiba. Noeline akakodi kibanda cha wiki moja pale Lakes Entrance, ufukweni, akanunua na kofia.

Lakini mtu aliyezoea samadi haiachi hivi hivi. Clarrie alimbakiza Dulcie, ng'ombe wa Jersey, "wa kujishughulisha tu," akamnunulia ndama watatu mnadani awanyonyeshe pamoja na wa kwake. Kazi yote ya ng'ombe, mwenyewe anakaa kivulini. Ndivyo alivyosema.

Dulcie alimpokea mwanawe, wale watatu akawatandika mateke. Bondeni kila mtu anajua dawa yake: unawapaka ndama wote harufu moja kali, na pua ya ng'ombe pia, mpaka asijue yupi wake, yupi wa kuletewa. Wengi hutumia dawa ya mafua ya kupaka. Clarrie, kwa haraka zake, akatumia marashi yake ya kupaka baada ya kunyoa, yale yale aliyojimwagia asubuhi hiyo kwenda mnadani.

Dawa ikafanya kazi kupita kiasi. Dulcie aliwanusa ndama wanne, akawakubali. Kisha akamnusa Clarrie, akamkubali naye.

Alimlamba sikio, akamlamba na upara. Clarrie akiingia ndani kunywa chai, Dulcie alisimama dirishani akilia mpaka vikombe vikatetemeka, na asipomwona ubavuni mwake aliyabana maziwa, ndama wakanyonya hewa.

"Wiki ya baharini haiwezekani, mama," Clarrie alimwambia Noeline. "Ndama watakufa njaa."

"Basi mzoeshe kukaa bila wewe."

"Nitamzoeshaje? Anajua mimi mwanawe."

"Una miaka sabini na moja, Clarrie."

"Kamwambie yeye."

Alisema hivyo huku anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchoma Noeline. Mzee alikuwa anaona raha. Noeline akachukua shati la mumewe lisilofuliwa, akalilowesha marashi, akapita seng'enge hadi kwa jirani yao Merv Hanrahan, mjane asiye na makuu.

"Vaa hili."

Merv akalinusa. "Noeline, mimi na mumeo tumeheshimiana siku zote."

"Ni kwa ajili ya ng'ombe."

"Hapo ndipo unaponitia wasiwasi zaidi."

Hata hivyo alilivaa. Dulcie alimnusa kwapa, akatafakari, akamlamba shingo. Maziwa yakashuka.

Kesho yake Noeline alikamata usukani mwenyewe. Walipofika langoni Clarrie aliomba wasimame. Akashusha kioo, akaita, "Dulcie. Dulcie, mama." Ng'ombe hata mkia hakuutikisa. Alikuwa anamlamba Merv shavu la pili, na Merv, ambaye aibu zilikuwa zimeshamwisha, amefumba macho.

"Hata hakugeuka," alisema Clarrie. Machozi yalimlengalenga, mtu mzima na akili zake. "Nilidhani hawezi bila mimi."

Noeline alikuwa amejiandaa kugombana, lakini akaachia usukani, akamgeukia.

"Mimi nimekungoja umalize kukamua tangu nikiwa msichana," alisema. "Sijawahi kuja kulia dirishani. Labda ningelia."

Clarrie alimtazama, yeye na ile kofia yake mpya, kama anayemwona mgeni aliyeingia garini bila yeye kujua. Kisha akapandisha kioo.

"Haya," alisema. "Bahari iko upande gani?"