Kibao Kimoja Kulia

Mimi kukosea kwenye kinanda? Thubutu! Wimbo ukiharibika, basi waimbaji hawakufanya mazoezi, au vumbi limeingia kwenye mabomba, au ni hali ya hewa. Dada yangu mkubwa ananiita Mbaazi tangu tukiwa wadogo, kwa sababu mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nilivunja chungu cha mama nikasema ni yeye, akafinywa yeye. Tumezeeka, jina limebaki.

Kikundi chetu kina wazimu wake. Tunaimba nyimbo za ibada zilizotungwa karibu miaka mia tatu iliyopita, na tunazipiga kwa ala za namna ya wakati ule: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, filimbi ya mbao, na kinanda changu kidogo cha mabomba. Ala hizo zinalia chini kuliko za leo, kwa nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya sauti. Kwa hiyo safu ya vibao vya kinanda changu inateleza. Ukiisukuma kwa upana wa kibao kimoja kulia, kinanda kinalia kama ala za leo. Ukiirudisha kushoto, kinalia kizamani.

Nusu toni hiyo ndiyo iliyomrudisha dada. Tangu apasuliwe tezi shingoni, sauti yake ilikuwa ikipanda, inafika mahali inakatika. Mwaka mzima alisimama mstari wa nyuma, anafungua mdomo na hatoi kitu. Ala za zamani zilipokuja, noti ya juu kabisa ya sehemu ya mwimbaji mmoja ikashuka mpaka pale anapoweza kuifikia, kwa taabu. Mwalimu wa kwaya akampa yeye sehemu hiyo. Siku moja kabla ya ibada aliniambia, huku anapiga pasi joho lake, "Mdogo wangu, ikikatika mbele za watu, siimbi tena. Nimechoka kuonewa huruma."

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Ala tulizipatanisha mapema. Kisha ukaja wimbo wa waumini wote pamoja na matarumbeta ya leo, nikasukuma vibao kulia. Ulipokwisha tu, uzi wa mpiga fidla ukakatika, pa! Huyu siku za kazi ni daktari wa meno. Nikamgeukia.

"Si nilikwambia uubadilishe? Meno ya watu unayaona, uzi wako huuoni!"

Akaubadilisha huku amenuna, na mimi bado nachemka. Mwalimu akainua mkono, nikaanza.

Sehemu ya dada inaanza na kinanda peke yake. Fidla zinaingia baada ya ile noti ya juu. Dada akaimba mstari wa kwanza. Jamani! Vibao vilikuwa bado kulia.

Nilijua kitakachotokea. Noti ya juu imepanda tena, sauti itakatika, na kanisa zima litasema maskini, koo lake. Fidla zikiingia zitagongana na mimi, lakini dada atakuwa ameshakaa chini, na mimi nitasema ni uzi mpya wa daktari. Nakiri, maneno hayo niliyapanga yote kichwani, vidole vinaendelea.

Dada akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama siku ya chungu, akisubiri nifungue mdomo.

Nikaondoa mikono. Nikasimama.

"Samahanini. Dada hana kosa, wala fidla hazina. Nimesahau kurudisha vibao. Kosa ni langu."

Mtu akacheka huko nyuma. Daktari wa meno alibaki mdomo wazi. Nikavuta vibao kushoto, tukaanza upya.

Ile noti aliifikia. Ilikuwa nyembamba, ikatetemeka, lakini ilikaa mpaka mwisho wake. Nililia huku napiga, karatasi siioni.

Baadaye tulipokuwa tunakusanya vitabu nikamuuliza, "Ulijua?"

"Tangu mlio wa kwanza."

"Sasa mbona hukuacha?"

"Ningeimba hivyo hivyo. Ikatike, nikae chini, nisikie utamtaja nani."

Akanisaidia kufunga kifuniko cha kinanda, akachukua joho lake, akauliza mazoezi ya wiki ijayo ni saa ngapi.