Nyoka wa Kimaiyo

Ti! Kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja gizani, kisha kimya.

"Panya," Jeruto alijiambia, akipapasa kibiriti. Alipowasha koroboi, hakuona panya. Juu ya kitanda, penye joto la blanketi, alikuwa amejikunja nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya majivu, na juu ya kila jicho amesimamisha pembe.

Alimvuta binti yake, Chebet, nyuma ya gauni lake. Moyo ulimwenda mbio, na si kwa woga peke yake. Mwaka uliopita mumewe, Kimaiyo, aliyekuwa kazini alfajiri hiyo, aliumwa na nyoka wa namna hiyo akikata nyasi. Alipona, ila kidole kimoja kikafa, na kambi nzima ya shamba pale Keringet ikapata kichekesho, maana hakuna aliyesadiki kwamba nyoka huota pembe.

"Kimaiyo, hiyo nyoka yako yenye pembe ilikuwa na ndevu pia?" Kiprugut, nyapara wa maziwa, alimuuliza kila siku. Mwishowe Kimaiyo aliacha kabisa kuketi na wenzake. Hilo lilimuuma Jeruto kuliko kidole.

Aliyemwamini ni Hezekiah tu, mwalimu wa kisomo cha jioni, aliyekusanya nyoka kwa ajili ya makumbusho ya Nairobi. "Lakini wataalamu huwatofautisha kwa magamba ya kichwa, mama Chebet," alisema. "Na kila ninayeletewa, kichwa kimepondwa kama viazi."

Mama mkwe wake, Gogo, aliingia na kibuyu cha maziwa, akasimama ghafla.

"Usimguse! Amepanda kitandani. Huyo ni mzee wetu aliyekufa, amekuja kutuona. Mmwagie maziwa, umfungulie mlango."

"Sitampiga, Gogo. Nataka afike kwa mwalimu akiwa mzima. Huko atapewa jina."

"Jina?"

"Lake mwenyewe. Hajawahi kuwa nalo."

Gogo alimtazama tena nyoka. Kwao, mzee akirudi, hurudi kutafuta jina. Ndivyo kila mtoto wa boma lile alivyopata lake, kwa mzee aliyerudi. Aliinama polepole, akamwaga maziwa sakafuni.

"Nenda basi, mzee," alimwambia nyoka. "Nenda ukaitwe."

Jeruto alimfunika kwa karai, akamtuma Chebet kumwita mwalimu, akalikalia karai hadi Hezekiah alipokuja na fimbo yake ya kushikia nyoka na debe lenye matundu. Nyoka alipanda gari moshi Nakuru, kichwa hakina hata mkwaruzo.

Miezi ilipita. Wataalamu walihesabu magamba, wakamlinganisha na nyoka wengine wenye sumu, mmoja baada ya mwingine. Kisha jioni moja Hezekiah alisimama mbele ya darasa lililojaa, hata madirishani.

"Ni aina mpya!" alipaza sauti. "Jina lake la kwanza ni la ukoo wake. La pili ni lake peke yake: *keringetensis*. Nyoka wa Keringet!"

Vigelegele vya wanawake vilikatiza usingizi wa ng'ombe. Gogo alicheza hadi kitambaa kikamdondoka. Kiprugut alijikuna kisogo, halafu akasogea kwenye benchi.

"Kaa hapa, bwana," alimwambia Kimaiyo. "Tuambie tena vile ilikuuma. Pole pole, usiruke kitu."

Kimaiyo aliketi katikati yao, akainua kile kidole, akaanza. Jeruto alisikiliza akilia na kucheka.

Chebet alisimama juu ya benchi, akawaambia watu wote:

"Baba alisema ukweli."