Nyungu ya Kupandia Musuku

Jumamosi asubuhi Tata Mulumba alikuwa nyuma ya nyumba yake, huko Dilala, mtaa wa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, akitoboa kitako cha kopo la maziwa ya unga kwa msumari na nyundo. Alikuwa amefunga tai. Sisi watu wa Kasai wa Kolwezi ndivyo tulivyokuwa: hata kuku tulimchinja kama watu waliotoka biro, yaani ofisini, sasa hivi. Mgodi wa chini ya ardhi ulikuwa umejiangukia wenyewe, Kampuni ya migodi ilikuwa imekauka, na makarani walikwenda kazini kuangalia meza zao. Lakini tai tulifunga.

Kukuza miti midogo vyomboni alifundishwa na Mjapani mmoja wa migodi, aliyekaa jirani naye miaka ya nyuma, kisha akaenda zake na kumwachia mkasi mdogo na nusu ya maarifa. Nusu iliyobaki Tata Mulumba aliijaza mwenyewe, kwa Kifaransa. Alikuwa na vichipukizi vya mupundu na vya mukuyu, miti ya porini, vilivyopangwa ukutani, na mgeni hakupewa kiti kabla ya kupewa somo. Mti mchanga, alisema, hauwekwi kwenye sahani. Sahani bapa ni ya mti uliokwisha kukua, unaongoja kusifiwa tu. Mti mchanga unataka chombo chenye kina, uneneshe shina kwanza. Kikiwa kikubwa mno, maji yatalala na mizizi itaoza. Kikiwa kidogo mno, mti utajinyonga. Na lazima kiwe na tundu chini. Wageni waliitikia, maana soda ilikuwa bado haijafunguliwa.

Wiki hiyo ilitangazwa kwenye mkutano wa chama cha Wakatanga kwamba Wakasai warudi kwao, na kila mtu atabeba anachoweza kubeba. Kwao huko wengi wetu hatukuwa tumewahi kukuona hata kwenye picha. Vijana wa chama walipita mtaani wakituita bilulu, yaani wadudu. Tata Mulumba alisema ni maneno ya siasa, yatapita, kwa sababu bila yeye biro haijui hata ufunguo wa kabati uko wapi. Tuliafiki sote, kila mmoja akifikiria kabati lake.

Jumapili mti wake ukafunga mizigo.

Ulikuwa musuku mkubwa, mti wa matunda ya porini, katikati ya uwanja. Baba yake, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, aliupanda mwaka Mulumba alipozaliwa, na chini yake alizika kitovu cha mwanawe. Baadaye Mulumba naye alizika hapo vitovu vya watoto wake. Asubuhi hiyo ulikutwa umesimama kando ya shimo lake mwenyewe, umenywea hadi kimo chake hakifiki goti, mizizi yote imekusanywa chini yake kama mwanamke aliyekusanya sketi apande gari. Majani yalikuwa madogo kama kucha za mtoto. Masuku yake yalikuwa kama punje za ulezi, na yalikuwa yameiva.

Mkewe, Mama Tshibola, alitoka misa, akaweka mkoba chini, akautazama. Alisema mti umepata akili kabla ya mwenyewe, kisha akaingia ndani kuanza kukunja nguo.

Haukuwa peke yake. Mti wa avokado wa jirani yetu Ntambwe ulikutwa umekaa ndani ya kandambili. Mpera wa mjane Mushiya ulikuwa kizingitini, umeegemea mlango. Katika kila uwanja wa Mkasai palikuwa na shimo, na miti ya Wakatanga ilibaki mirefu kama kawaida. Kwa hiyo watu walimwendea fundi, na fundi alifurahi mno. Aliweka meza uani na kuwapanga kwa zamu. Huyu alimwambia akate bidoni, yaani dumu, yule akatafute beseni la watoto, mwingine alimfukuza kabisa kwa kuleta chombo kisicho na tundu. Mji mzima unatufukuza, na sisi tumesimama kwenye foleni tukiulizia mboji! Mushiya alitaka chombo kitakachoenda na rangi ya kitenge chake, akaambiwa ombi hilo ni la haki.

Mti wake mwenyewe ndio uliomshinda. Ulikuwa mzee au mchanga? Kama ni mzee, dawa yake ni sahani bapa: ubaki mdogo hivyo hivyo, utunzwe, na mambo yakitulia urudishwe shimoni kwake. Kama ni mchanga, unataka chombo chenye kina, kwa sababu unakwenda kuanza maisha katika udongo mwingine. Akachagua sinia ya chai. Tshibola alielewa mara moja maana ya sinia ile: mumewe alikuwa bado anasubiri kuitwa biro.

Chombo chenye kina kilikuwa kimoja tu nyumbani, nyungu kubwa ya aluminiyamu, ile ya matanga na ya harusi. Lakini njiani ndiyo ingepika bukari, ugali wa watoto. Kuitoboa ilikuwa ni kuwanyima watoto chakula.

Mbayo alifika na mkewe Adolphine. Walikuwa watu wa Katanga ya kaskazini, majirani wa miaka mingi, na Mbayo alikaa meza ya pili biro. Alikuja kuaga na kupima madirisha ili ashone mapazia. Alilia kweli, na alipima kweli. Alieleza kwamba asipoichukua nyumba yeye, itachukuliwa na mtu asiye na roho. Tata Mulumba alimshukuru, tena akamwonyesha bomba la jikoni linavyotaka kupigwa kofi kabla ya kutoa maji. Adolphine aliuliza, kwa heshima, kama shimo la uwanjani litafukiwa kabla hawajaondoka. Tshibola alimwambia hapana.

Tulihamia stesheni kungoja treni ya Kasai, tukakaa majuma mengi. Treni ilisemwa inakuja, kisha ilisemwa imesemwa. Tulilala chini ya maturubai na madirisha tuliyong'oa kwetu, maana kuna watu walibeba madirisha, na watu wa Mutshatsha waliokuja kuuza makaa walitushangaa kwa hayo madirisha, sio kwa miti. Kila familia ilikuwa na mti wake ndani ya kopo. Surua iliingia. Mtoto wa Ntambwe alikufa, akazikwa karibu na reli, na sisi tulisimama pale na tai zetu. Iliuma. Bado inauma.

Kwenye sinia musuku ulianza kupukutika. Kwanza matunda, halafu majani, halafu shina likalala upande mmoja. Tata Mulumba aliugeuza, akaunyunyizia, akaufungia uzi, akasema ni uchovu wa safari, na safari yenyewe haijaanza. Watoto wake walikaa kuuzunguka. Walijua ni nini kilizikwa chini yake.

Jioni moja Tshibola alimwaga maji ya bukari yaliyokuwa yanachemka. Aliipindua nyungu, akaomba msumari na nyundo.

"Mama, sasa tutapikia batoto mu nini?" Tata Mulumba aliuliza.

"Tutaomba kwa benzetu," alisema. "Sema tu. Ni muzee ao ni muchanga?"

Tata Mulumba aliliinua shina kwa kidole, likalala tena. Halafu akafungua tai, ya kwanza kufunguliwa stesheni nzima, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Ni muchanga," alisema.

Tshibola akatoboa. Waliweka kokoto, wakaweka udongo, wakaupanda pamoja, mikono yao yote minne ndani ya nyungu. Tangu siku hiyo waliomba nyungu ya Mushiya baada ya yeye kumaliza kupika, na watoto walikula wakiwa wameshasinzia. Lakini shina lilisimama. Baada ya siku chache ulitoa chipukizi jekundu juu kabisa, na Tata Mulumba alizunguka maturubai yote kuwaambia watu kwamba kina cha chombo ndicho kila kitu, kama vile yeye ndiye aliyeitoboa nyungu.

Treni ilipokuja kweli, vijana wa chama walisimama mlangoni mwa kila behewa kukagua mizigo. Kijana wa behewa letu aliitwa Stany. Alikuwa na adabu. Madirisha aliyaruhusu. Alipoiona nyungu, alichuchumaa, akagusa majani, akauliza mti ulizaliwa wapi.

"Ku Kolwezi," Tata Mulumba alijibu kwa fahari. "Ku Dilala. Baba yangu ndiye alipanda."

"Basi ni wa huku," Stany alisema. "Muti wa Katanga hatuwezi kuufukuza. Utabaki."

Tata Mulumba alifikiri amepata mlango wa kubaki.

"Mi pia nilizaliwa ku Kolwezi, mwaka moja na uyu muti. Kitovu yangu iko chini yake."

Stany aliwaza. Alilipima jambo hilo kwa haki, tulimwona. Alimtazama Tata Mulumba kuanzia viatu hadi kichwani, akautazama mti, akamtazama tena.

"Lakini we hauko muti, tata," alisema, na akamsaidia kuuchomoa ili mizizi isikatike.

Ilikuwa hivyo kwa mabehewa yote. Avokado, mpera, vichipukizi vya mupundu, vyote vilikuwa wenyeji. Nyungu walituruhusu kubeba.

Mbayo alikuwa amekuja stesheni na mikate ya kutuaga, kwa hiyo alikabidhiwa yeye. Aliupokea musuku kwenye shati lake, akakimbia kando ya dirisha akiuliza aupe maji kiasi gani, auweke kivulini au juani, kwenye chombo cha namna gani. Tulimngoja Tata Mulumba aanze somo. Treni ilikuwa imekwisha kuanza kutembea.

"Usiupatie kitu, Tata Mbayo," alisema. "Hauombi chombo. Uko kwabo."

Baadaye watu wa reli walituletea habari. Mbayo aliuweka ule mti kwenye shimo lake la zamani, na kabla ya jua kuzama ulikuwa umerudi kimo chake, na matawi yake yakafika tena juu ya bati la jirani. Masuku yalikuwa matamu mwaka ule, walisema, na Adolphine aliyauza sokoni kwa beseni.

Siku ile, ndani ya behewa, Tshibola aliitikisa nyungu yenye tundu hadi udongo ukaisha. Akatia nguo za watoto humo, kwa kuwa nguo hazivuji.