Uboho wa Gakunzi

Fonia ya misheni ya Baraka, redio yao ya mawasiliano, ilikwaruza, kisha ikaja sauti ya pasta Fabien kutoka Bukavu. Ule mwaka wa themanini na nne serikali ya Zaire ilikuwa bado inakataza majina ya kizungu, lakini kwenye fonia hakuna aliyemwita vingine.

"Munganga wa Ubelgiji amepiga simu. Ngozi ya Mukandori imewaka mwili muzima, kinywa iko vidonda tupu. Anasema iko damu ya kaka yake inamupiga."

Gakunzi alihisi nyonga ikimuuma upya, pale walipoingiza sindano na kuvuta uboho. Dada yake, aliyekwenda Ubelgiji kusomea uuguzi, alikuwa ameshikwa na saratani ya damu; katika ndugu wote, uboho wa Gakunzi peke yake ndio uliofanana na wake. Alipanda ndege, akautoa ili umtengenezee dada damu mpya, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mama yao, Bazubagira, aliyeshuka naye kutoka milimani, alikumbatia kibuyu cha maziwa.

"Nilijua. Ulimupatia na kinyongo. Ile ng'ombe haijakutoka mu roho."

Kweli haikuwa imemtoka. Mukandori alipomkataa mchumba ili aende masomoni, ng'ombe wa mahari walirudishwa, na wawili waliokwisha kufa walilipwa kwa wengine. Mmoja wa hao waliotolewa kulipa alikuwa Bihogo, mtamba ambaye Gakunzi alimlea kwa mikono yake. Na kwao ilijulikana: ng'ombe aliyetolewa kwa kinyongo huliangamiza zizi la aliyempokea.

"Pasta, bambie batoe ile damu yote!" mama alipaza sauti.

"Haitoke tena, mama. Njo ile tu damu iko nayo sasa; ya zamani baliimaliza na dawa."

Gakunzi alikaza moyo, akakisogelea kipaza sauti. "Na ugonjwa wenyewe, pasta? Ungali unaonekana?"



"Baliutafuta, habakuuona. Munganga anasema mu damu yako muko askari. Banapiga hata mwenye nyumba, lakini adui njo banamufukuza. Kwa bagonjwa bengine askari banalala tu, na mara mingi ugonjwa unarudia. Amemupa dawa ya kubatuliza, si ya kubaua."

Gakunzi akacheka kwa nguvu, hata mama akashtuka.

"Mama, ule fahali tulileta toka Lubondja, alifanya nini siku ya kwanza?"

"Alipiga ndama. Alivunja na mulango."

"Na fisi ilikuwa inakula ndama?"

Mama alifikiri. "Fisi haikurudia."

"Tulimuchinja?"

"Tulimufunga kamba."

"Basi na bale askari banafungwa kamba. Dada atapona."

"Kunywa hata hivyo, kinyongo kikutoke," mama alisema, akimsukumia kibuyu. "Mi sijui mambo ya banganga."

Akanywa, akajipangusa mdomo. "Pasta, mwambie Mukandori: Bihogo nimemusamehe. Na mama asinisumbue tena."

Mukandori alirudi baada ya mwaka, mikono ina mabaka, kinywa kikavu, mzima. Aliyetangulia kufa ni Gakunzi. Homa ilimchukua msimu mmoja wa mvua. Siku ya matanga Bazubagira aliketi kando ya bintiye, akamshika kifundo cha mkono.

"Damu yote iko yake?"

"Yote, mama. Hata aina yake imegeuka ya kaka."

Mama hakulia tena. Aliweka kidole gumba juu ya mshipa, akasikiliza, na hakumwachilia mpaka ng'ombe waliporudi zizini.