Bila Tawi la Kupinda

Jumatano, tarehe 11 Machi 1987. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka juu ya mto Mosel, huko Ujerumani, mepesi, bila upepo. Walburga Theisgen alifungua dirisha, akanyoosha kiganja nje, akasema, "Asante, Bwana." Mzabibu hupindwa siku ya unyevu. Siku kavu tawi huvunjikia mkononi.

Februari nzima alilala na homa ya mapafu. Mdogo wake, Ludger, ndiye aliyeachiwa kupogoa peke yake mteremko wa mizabibu ya Riesling ambao baba yao aliwaachia wote wawili, nyuma ya kona ya mto, mahali pasipoonekana kutoka kijijini. Kila jioni alikaa kando ya kitanda, akamshika mkono. "Tulia, dada. Nimekata kama baba alivyokata." Naye Walburga alilala akimshukuru Mungu kwa kumjalia ndugu wa namna ile.

Sasa alipanda taratibu, kikapu kiunoni, majirani zake Alwin na Mechthild wakimfuata. Walisaidiana hivyo kila mwaka.

"Leo matawi yatapinda kuliko mgongo wa mke wangu," Alwin alisema.

"Mgongo huu ndio uliokubeba ulipolewa kwenye harusi ya binti yetu," Mechthild alijibu. "Panda, mzee."

Walburga alicheka mpaka akakohoa. Alipofika safu ya kwanza aliinua mkono kushika tawi. Hapakuwa na tawi. Kila mzabibu huachiwa matawi mawili marefu ya kupindwa na kufungwa kwenye nguzo yake, na humo ndimo zabibu hutoka. Huu ulikuwa kisiki kilichokatwa karibu na ardhi. Na uliofuata vilevile. Akatazama juu: visiki vitupu kati ya mawe meusi, isipokuwa safu moja ya mwisho, chini ya mwamba.

Hivyo hukatwa mizabibu inayongoja kung'olewa.

Ludger alikuwa akishuka kutoka huko juu, msumeno mkononi. "Dada, nani kakuruhusu kutoka kitandani?"

"Umekata kama baba?"

Akatazama viatu vyake. "Nimepata shamba kule tambarare. Trekta linapita. Sheria hairuhusi kupanda mizabibu kule bila kung'oa hii. Hapa tunapanda kama mbuzi mpaka tufe. Ningekuuliza, ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana ukangoja niugue?"

Alwin akavua kofia, kama aliye mazikoni.

"Ungenitukana ningesema ni hasira," Walburga alisema. "Lakini ulinishika mkono, Ludger. Nikakuombea."

Akampita. Alipanda akisimama kila mara kuvuta pumzi, na majirani wakamfuata. Kwenye safu ya mwisho alitoa mkasi wake kikapuni, akapogoa mzabibu wa kwanza, akaacha matawi mawili. Moja akalipinda polepole. Halikuvunjika. Akalifunga, kisha akageuka.

"Alwin, Mechthild, mnisikie, na Mungu anisikie. Safu hii nitaipogoa na kuifunga mwenyewe kila mwaka nitakaojaliwa. Nawe Ludger, chakula nitakupikia, kwa kuwa u mtoto wa mama yangu. Lakini mizabibu hii hutaigusa tena, maadamu mimi napumua."