Kufunga Shule Jua Likiwaka

Mimi, Maureen Tierney, mkurugenzi wa shule za mji wetu huu wa ukingoni mwa Ziwa Erie, nilifunga shule zote Jumanne mchana, jua likiwaka, kwa ajili ya theluji ya Jumatano. Nayasema haya mwanzoni ili ujue unamsikiliza mtu wa namna gani. Sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi waliuleta wengine.

Sisi tuliozaliwa kusini mwa mji tunalijua ziwa. Likiganda, tunapumua. Lisipoganda, kisha upepo ukageuka na kuja kwetu kwa kupita juu ya maji yale yote, theluji husimama kama ukuta na kuangukia inapotaka. Mtu wa mtaa mmoja atazama mpaka kiunoni, na mwenzake wa mtaa wa pili anatembeza mbwa kwa viatu vya ngozi. Ndiyo maana tuna kosa letu wenyewe, la watu wa mji huu: kila mmoja huchungulia dirisha lake akadhani ameuona mji mzima. Wazee wanalifanya, wasomi wanalifanya, na walimu wakuu ndio wa kwanza.

Ofisi ya hali ya hewa iliniambia upepo utageuka Jumatano adhuhuri. Niliuliza swali moja tu: ziwa limeganda? Halijaganda. Basi, nikasema, tumemaliza. Theluji ya asubuhi haina neno, kila mtu anaiona na anabaki kwake. Mbaya ni hii ya mchana, inayowangoja watoto mpaka wawe shuleni, halafu ndiyo unatakiwa uwapakie kwenye mabasi uwarudishe. Nikatangaza mapema, wazazi wa zamu za kiwandani wapate nafasi ya kujipanga, na wapishi wafunge mikate, maziwa na matofaa, kila mtoto aondoke na chakula cha kesho yake. Wapo ambao mlo wa shule ndio mlo.

Tangazo halijapoa, mlango wangu ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Dermot, mdogo wangu wa tumbo moja, kocha wa timu ya wasichana ya hoki ya barafuni ya shule ya kusini.

"Dada, niambie ni uongo."

"Kaa, Dermot."

"Sikai! Kesho ni fainali. Fainali, dada! Mara ya mwisho kufika huko baba alikuwa bado ana nywele."

Nilijua. Sheria ya mashindano ni kwamba shule ikifungwa, timu yake haitoki. Wapinzani walikuwa wa mji mdogo ulio chini kidogo kando ya ziwa. Shule zao haziko chini yangu, nao hawakuwa wamefunga. Sisi tusipotokea, wao wanapewa ushindi wa mezani na kombe wanaondoka nalo.

"Funga saa sita," akaniomba. "Asubuhi wasome, siku ihesabiwe, ufunge saa sita, sisi tuondoke na basi letu saa saba. Uwanja uko kaskazini, huko theluji haifiki."

"Kaskazini haifiki. Lakini mnaondokea kusini, na saa saba ndiyo saa yake."

"Mwaka jana ulifunga hivi hivi! Mama akatoka nje na sweta tu, akawa anakoroga kahawa barazani. Mji mzima unakuita Bibi Jua, unajua?"

"Waniite hata Bibi Mwezi."

"Nuala analia nyumbani."

Nuala ni binti yake wa pekee na nahodha wa timu. Nampenda kama nimemzaa mimi, na Dermot anajua, ndiyo maana alimtaja.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," nikamwambia.

"Usinipe methali mimi. Tumelelewa nyumba moja, zote nazijua." Akavaa kofia yake, akasimama mlangoni. "Sawa, Mheshimiwa Mkurugenzi."

Akafunga mlango taratibu. Ningefurahi zaidi kama angeubamiza. Tangu aanze kuongea, Dermot alikuwa hajawahi kuniita jina lingine ila dada, hata siku tulizopigana. Neno lile liliniuma, sitadanganya. Uamuzi wangu sikuutilia shaka hata kidogo, ila nilijua theluji isipokuja nimempoteza mdogo wangu, na hilo ndilo nililoliogopa. Kazi nyingine ningepata.

Jioni Nuala akanipigia mwenyewe. Sasa, watoto wa mji huu wakitaka theluji iwafungie shule hulala na nguo za kulalia walizozigeuza ndani nje, na kijiko chini ya mto. Mimi nilifanya, mama yangu alifanya. Nuala na wenzake walikuwa wamepania kinyume.

"Shangazi, timu nzima tumevaa nguo zetu vizuri, upande wa nje nje. Na vijiko tumekusanya vyote. Vya nyumbani, vya majirani, hata vya ukumbi wa kanisa. Nimevifungia kwenye gari la baba. Theluji haiji ng'o."

"Na supu mtakunywaje?"

"Kwa uma." Hakucheka. "Isipokuja utatuomba radhi?"

"Isipokuja nitapiga magoti katikati ya uwanja wenu wa barafu, na mpige picha."

"Na ikija?"

"Ikija, kaa ndani."

Jumatano kukapambazuka anga la buluu, safi, hata wingu la kusingizia hakuna. Redioni walikuwa wakinicheka kabla sijamaliza kahawa. Mtangazaji mmoja aliwashauri wazazi wawapake watoto mafuta ya kuzuia jua. Kisha ikaja picha kutoka kwa Bwana Lathrop, mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu wa kaskazini mwenye meno mengi: majani ya bustani yake, makavu, na kivuli chake mwenyewe juu yake. Baada ya picha akapiga simu.

"Mkurugenzi, umeiona?"

"Nimeiona. Hiyo ni bustani yako au ni mji?"

"Ni bustani yangu, lakini..."

"Basi iongoze bustani yako, Bwana Lathrop. Mji niachie mimi."

"Bodi inakutana Ijumaa," akasema kwa sauti iliyopoa. "Uje na maelezo ya kutosha."

"Nitakuja na beleshi."

Nilikata simu. Saa nne, jua. Saa tano, jua. Karani wangu alikuwa akinijia na chai kila mara, bila kuagizwa, kama watu wanavyomfanyia mfiwa. Nikamwambia aache, kibofu changu hakina kosa. Nikakaa nikasubiri. Si kwamba nilikuwa naomba theluji ije. Nani anaomba theluji? Nilikuwa nalijua ziwa, basi.

Adhuhuri bendera ya nje ikalegea, ikazunguka, ikanyooka upande mwingine. Nikaenda dirishani. Huku katikati ya mji jua lilikuwa bado limelala juu ya meza yangu, lakini kule kusini maghala ya nafaka hayakuwepo. Palikuwa na ukuta mweupe kutoka chini hadi juu, na ndani yake mtaa wetu wote umemezwa.

"Karibu," nikauambia. Karani akadhani namwita yeye.

Halafu simu zikaanza. Barabara ya ziwa imefungwa. Magari ya kusukuma theluji nayo yamekwama. Polisi wanaomba watu wasitoke. Mabasi ya shule? wananiuliza. Mabasi yangu yote yako karakana, nikawajibu, na watoto wako kwao. Nilijibu hivyo mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa tamu.

Alasiri ikaingia simu ya Dermot. Nyuma yake nilisikia kelele za wasichana wengi na sahani zikigongana.

"Niko ukumbi wa kanisa," akasema. "Wapinzani wetu wako hapa."

"Wako hapo wanafanya nini?"

"Waliondoka kwao kwenda kuchukua kombe, jua linawaka, wakadhani ndiyo hivyo mpaka uwanjani. Basi lao likakwama chini ya daraja la reli, hapa hapa nyuma ya kanisa. Nuala ndiye aliyeona taa zake zikiwaka na kuzimika, kutoka dirisha la jikoni kwetu. Wakaja wenzake wa timu na mabeleshi, wakachimba mpaka mlangoni, wakawatoa. Walitembea msururu, kila mmoja ameshika gongo la hoki la aliye mbele yake, maana mtu haoni mkono wake mwenyewe."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Wanakula mabawa ya kuku tuliyopika kwa ajili ya sherehe yetu. Kocha wao anasema ushindi wa mezani hautaki, tutacheza njia zikifunguka." Nikamsikia akisogea mbali na kelele. "Walipokwisha kutoka, lori liliteleza kutoka juu ya mteremko, likaligonga basi kwa nyuma. Basi lilikuwa tupu. Nimeingia sasa hivi kuwachukulia mabegi yao. Kile kiti kirefu cha nyuma kabisa, kimekunjwa kama mkebe."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Sisi tungepita pale pale, saa ile ile," akasema. "Na wa kutuchimba angekuwa nani? Wachimbaji wote wangekuwa ndani ya basi." Akashusha sauti. "Dada. Nuala hukaa wapi kwenye basi?"

Nilijua anapokaa. Timu nzima inajua. Nahodha hukaa kiti cha nyuma kabisa, katikati, na miguu ameinyoosha njiani, na hakuna mwingine anayethubutu kukikalia. Nililia pale pale mezani, mkurugenzi mzima, mlango wazi, na karani ananitazama. Dermot naye alikuwa analia, tukalizana kwenye simu kama zamani tulipozika mbwa wetu.

Nuala akamnyang'anya baba yake simu.

"Shangazi, tuna shida."

"Shida gani tena?"

"Kina mama wameleta supu. Vijiko vyote viko kwenye gari la baba, na gari limefukiwa, hata paa halionekani."

"Waambie wageni watumie uma."

"Nimewaambia. Wanatuona wendawazimu." Akashusha pumzi. "Na kesho je, shangazi?"

Jua lilikuwa bado linawaka juu ya meza yangu.

"Kesho nimefunga," nikamwambia.