Mbeba Damu

Kwa miaka sita Mutie alibeba damu za watu kwa pikipiki. Asubuhi alianzia kliniki ya Mukuru kwa Reuben, akapitia ile ya Tassia, kisha akazifikisha chupa kwenye maabara kubwa kabla ya saa saba, kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma kwa mpira. Kila tuta alilijua, na yote aliyaruka mbio, maana waliomwajiri walitaka muda, hawakutaka adabu. Akiwakuta wagonjwa wametulia kwa hofu kwenye benchi, aliwapoza moyo: siku hizi ni tembe moja tu kwa siku, mtu anazeeka na meno yake yote. Maneno matamu hayo. Yeye mwenyewe hakuwa amepimwa ukimwi hata mara moja. Kinyozi hajinyoi.

Hofu yake ilikuwa na jina la mwanamke, na tusilitaje, kwa kuwa marehemu hana wa kumtetea. Walikuwa pamoja mwaka ule Mukai, mkewe Mutie, alipokwenda Mwingi kumuuguza mamake. Mwaka huu Mutie alisikia kwamba yule mwanamke amefariki, na kwamba alikuwa akimeza dawa kwa siri kisha akaziacha. Tangu hapo usingizi ulimpaa.

Mukai naye si mjinga. Mwezi uliopita alikwenda kupimwa peke yake, akarudi nyumbani Njiru na karatasi, akaiweka mezani.

"Baba Nzivo, yangu ni hii," alisema. "Sina kitu. Yako naisubiri."

Kisha akachukua mto wake akahamia chumba cha mtoto. Hakugomba wala hakununa. Chakula alipakua, salamu aliitikia. Afadhali angegomba.

Kila asubuhi Mutie aliapa kwamba leo ni leo, na kila asubuhi alipata kisingizio: mvua, foleni, chupa zinangojwa. Alikonda, na kukonda kwenyewe kukamtia hofu zaidi. Vivian, msichana wa maabara ya Tassia aliyemkabidhi chupa, alikuwa ameshamsoma. Jumanne moja alimkuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia ya pikipiki magotini.

"Mzee, chupa ziko tayari," Vivian alisema. "Unaenda ama unaingia?"

Mutie alitafuta kisingizio, hakukipata. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

"Naingia."

Alidungwa kidole, wakangoja. Ikatokea mistari miwili. Vivian akarudia kwa kipimo kingine, ikawa vilevile. Akamweleza habari za tembe moja kwa siku, na Mutie akayasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililomshika mkono. Alipewa dawa za mwezi mmoja, akaambiwa aje na mkewe, maana zipo tembe za kumkinga. Mwisho Vivian akamtoa damu ya kwenda maabara kubwa, akaibandika namba, akaitia kisandukuni pamoja na zile nyingine kumi na tisa.

Siku hiyo Mutie alipita matuta polepole. Walio nyuma walimpigia honi na kumtusi, akawaacha wapite. Miaka sita amekuwa akiwarusharusha watu kisandukuni namna ile! Aliona aibu, akalia ndani ya kofia, na kofia ya pikipiki ni nyumba nzuri ya kulilia, huna mpangaji mwenzako.

Jioni aliiweka karatasi yake mezani kando ya ile ya Mukai, akamweleza yote, hata habari za yule mwanamke. Mukai aliisoma mara mbili.

"Dawa unameza saa ngapi?" hatimaye aliuliza.

"Saa mbili."

Mukai aliitazama saa ya ukutani. "Basi kula kwanza."

Mto haukurudi siku hiyo, wala Mutie hakuthubutu kuuliza. Lakini ilipogonga saa mbili, aliyeleta maji ya kumezea dawa alikuwa Mukai, na alisimama pale pale mpaka tembe ikashuka.